Usiangalizie Jibu la Astana

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita kwenye mkutano wa mwaka wa mafundi ujenzi, ukumbini Kirumba, hapa Mwanza. Wengi hamkufika. Kuna waliokuwa wanamwaga jamvi, lile zege la sakafu, kule Usagara, na jamvi likishaanza kumwagwa haliahirishwi. Nimeyaandika yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha, maana umeme ulikatika kwenye picha ya tatu na hata waliokuwepo hawakuziona.

Mwadila!

(Ukumbi: Mwadila!)

Mbona kama mmebeba zege mdomoni? Mwadila!

Sasa nimesikia. Mwenyekiti wetu, mzee wetu uliyetufungulia kwa sala, mafundi wenzangu, wapauaji, maseremala, mafundi bomba, mafundi umeme, dada zangu wa rangi na wa marumaru, wanangu wa chuo, na mama zangu wa kokoto mliokaa kule mlangoni, nawasalimu. Mama zangu, mbona nyuma? Bila kokoto nani humu ndani angeitwa fundi? Sogeeni mbele. Nasubiri.

(Walisogea. Vijana wawili wa chuo waliwapisha viti bila kuambiwa mara ya pili.)

Nimepewa dakika arobaini, na nitazitumia kuzungumza juu ya picha moja.

Mwezi uliopita kijana mmoja alituma picha kwenye kundi letu la simu. Mnaikumbuka. Mnara mweupe kama mti, matawi yamefunguka juu, katikati ya matawi kuna tufe kubwa la dhahabu. Chini yake ameandika: "Dodoma mpya, kazi inaendelea." Saa moja haijaisha, watu wameshaanza kuuliza tenda. Fundi mmoja, simtaji ila namwona anacheka pale, aliuliza kama wanachukua watu wa plasta na siku ni shilingi ngapi.

Ndugu zangu, ile si Dodoma. Ule mnara unaitwa Bayterek, uko Astana, mji mkuu wa Kazakhstan, Asia ya Kati, na umesimama pale zaidi ya miaka ishirini. Kijana simlaumu, naye aliletewa. Ninachojiuliza ni hiki: kwa nini sisi, watu wa timazi na pima maji, tuliamini? Hakuna hata mmoja aliyeuliza vivuli vinaangukia wapi, wala kwa nini watu wa Dodoma wamevaa makoti ya manyoya. Tuliona kinachong'aa tukasema, huo ndio mji mkuu.

Nilipokuwa darasa la sita tulikuwa na mwalimu wa hesabu mjanja sana. Siku ya jaribio safu hii aliipa maswali haya, safu ile maswali mengine, na hakusema. Waliozoea kuangalizia wakaangalizia. Matokeo yalipotoka, rafiki yangu mmoja alikuwa amepata majibu sahihi kabisa ya maswali ambayo hakuulizwa. Sifuri.

Jengo ni jibu. Leo nataka tuulizane swali lake ni lipi.

Nianze na huko Astana. Mimi sijafika. Nimeusoma mji ule kwa michoro na maandishi, kama fundi anavyoisoma nyumba ya mwenzake akiwa amesimama barabarani. Mji wao mkuu wa zamani ni Almaty, uko kusini mashariki, pembeni kabisa ya nchi, umebanwa na milima, na ardhi yake hutetemeka. Mwezi Desemba 1997 serikali ikahamia kaskazini, kwenye mji mdogo uliokuwa ukiitwa Akmola, katikati ya mbuga tambarare isiyo na kilima. Mwaka uliofuata wakaupa jina Astana. Maana yake nini kwa Kikazakh? Mji mkuu. Basi. Kama vile sisi tungeiita Dodoma "Makao Makuu" tukamaliza.

Nchi ile ina mafuta, na fedha ya mafuta ilimwagika pale kama zege. Mjapani Kisho Kurokawa ndiye aliyechora mpango wa mji. Mwingereza Norman Foster akachora piramidi yenye kimo cha mita 62, iliyofunguliwa 2006 kwa ajili ya mikutano ya viongozi wa dini za dunia. Tufe la kioo lenye kipenyo cha mita 80 likaja na maonesho ya kimataifa ya 2017. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mji ulikuwa na watu laki tatu na kitu. Leo wamepita milioni moja. Hata jina halikutulia: 2019 uliitwa Nur-Sultan, kwa heshima ya rais wa kwanza, Nursultan Nazarbayev, na 2022 ukarudishiwa Astana. Watengeneza vibao vya barabarani nadhani walishukuru mara zote mbili.

Sasa turudi kwenye tufe letu la dhahabu.

Wakazakh wana hadithi. Kuna mti wa uhai, na kuna ndege wa ajabu anaitwa Samruk. Kila mwaka ndege huyu hutaga yai la dhahabu juu ya mti huo, na kila mwaka joka lililo kwenye mizizi hulila. Bibi wa Kikazakh anamsimulia mjukuu wake kama bibi zetu walivyotusimulia habari za zimwi lililomeza kijiji kizima. Bayterek ni mti huo. Lile tufe ni lile yai. Unapanda kwa lifti mpaka mita 97 kwenda juu. Kwa nini 97 na si 100? Kwa sababu ya mwaka 1997, mwaka wa kuhamia. Na kule juu waliweka kiganja cha Nazarbayev kwenye bamba la dhahabu, mgeni aweke mkono wake ndani yake.

Kiganja hicho mimi kinanikwaza kidogo, lakini si nchi yangu. Ninachotaka mshike ni kwamba mtoto wa Kikazakh akiuona ule mnara anajua yai ni la nani. Wewe ukiujenga Dodoma, mtoto wa Kigogo ataona nini? Ataona pipi ya kijiti. Na msinicheke mkadhani nimewatukana wenye mji: wenyeji wenyewe wa Astana wanautania hivyo hivyo, wanauita kwa jina la pipi ya kijiti inayouzwa madukani. Jengo lao refu la wizara ya usafirishaji wameliita kiberiti cha gesi kwa umbo lake, na mwaka 2006 kiberiti hicho kikashika moto kweli. Mwananchi haulizwi maoni juu ya mchoro. Analipatia jengo jina la utani, na hapo amemaliza.

Jengo ninalolipenda mimi katika mji ule ni lingine, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo ufundi ulipo.

Astana ni baridi. Nikisema baridi msifikirie Juni ya Njombe. Nasema nyuzi 30 chini ya sifuri, siku nyingine 40 chini ya sifuri, na upepo unaovuka mbuga bila kizuizi. Kiangazi kikifika joto linapanda nyuzi 35 na zaidi. Fundi, fikiria chuma chako. Chuma kinajikunja kwa baridi na kujitanua kwa joto. Ile piramidi ya Foster ilibidi wahesabu kwamba itavimba na kusinyaa kwa sentimita 30 hivi kati ya majira na majira. Sentimita thelathini! Sisi ukuta ukipishana nusu sentimita mwenye nyumba anatuita mahakamani.

Katika mji wa namna hiyo, mama atatembea wapi na watoto wake Januari? Hilo ndilo swali. Jibu lao likafunguliwa Julai 2010, linaitwa Khan Shatyr, hema la mfalme. Ni hema kweli: kimo cha mita 150, limening'inizwa kwenye mlingoti mmoja wa chuma wenye miguu mitatu, na kutoka kileleni zinashuka nyaya kama wavu wa sangara uliotundikwa ukauke. Juu ya nyaya hizo wameweka nini? Si bati. Si kioo. Wameweka plastiki maalumu, nyembamba, inayopitisha mwanga, tabaka tatu zilizojazwa hewa katikati kama mito ya kulalia. Hewa iliyofungiwa ndiyo blanketi. Jua linaingia, joto halitoki kirahisi. Ndani kuna maduka, bustani, na ufukwe wa kuogelea wenye mchanga na maji ya vuguvugu, huku nje mate yanaganda.

Halafu ngoja niwaambie jambo dogo lililonifanya nimvulie kofia aliyelichora. Mkipika ndani ya nyumba ya bati alfajiri ya baridi, mnaona nini upande wa ndani wa bati? Majasho. Matone. Kwa Astana matone hayo yangeganda yakawa barafu, na barafu ikianguka kutoka juu kiasi kile inaua mtu. Basi walipanga hewa ya moto ipulizwe kupanda juu kufuata ngozi ya hema kwa ndani, ili barafu isijijenge. Hiyo huioni kwenye picha. Picha inakuonyesha umbo. Pumzi ya hewa ya moto haipigiki picha. Ukiangalizia umbo ukaacha pumzi, umejenga mtego.

Na umbo lenyewe si ugeni kwao. Mababu zao walikuwa wafugaji wa kuhamahama, waliishi kwenye mahema. Mzungu amechora, lakini amechora kitu ambacho mzee wa Kikazakh anakitambua.

Sasa nitubu mbele yenu.

Mwaka 2011 alinijia mteja, kijana wa Magu aliyepata fedha zake kihalali kwenye madini. Kiwanja kiko Buswelu. Alikuwa na simu mpya na ndani ya simu kuna picha ya nyumba, sijui ya nchi gani, nchi ya jangwa kwa kuitazama: boksi jeupe, paa halionekani, vioo vya bluu toka chini hadi juu. "Dada msanifu, nataka hii." Mimi nikamwambiaje? Nilikuwa na ada ya shule ya watoto wawili. Nikasema, kaka, hii hii utaipata.

Mnajua nilichofanya, maana nusu ya humu ndani mmefanya. Paa la kuficha. Bati limelazwa karibu usawa wa meza, limezungushiwa ukuta, gata iko ndani ya ukuta, na mabomba mawili ya inchi mbili ya kutolea maji. Mawili! Kwa picha ilikuwa nyumba nzuri kuliko zote Buswelu. Watu walisimamisha pikipiki kuitazama.

Masika ya kwanza. Ninyi mnaijua mvua yetu ya usiku, ile inayotoka ziwani na upepo wake, hainyeshi, inamwagwa. Saa nane usiku simu inalia. Sauti haina hata salamu: "Dada, njoo uione bahari yako."

Nilikwenda na pikipiki. Mfuko wa nailoni na majani ya mwembe vilikuwa vimeziba mabomba yote mawili, maji yamejaa nyuma ya ukuta, yamepita juu ya flashingi, kile kibati cha kuziba maungio ya paa na ukuta, yameingia kwenye dari la jipsamu. Dari limeshuka zima kwenye makochi. Kesho yake ilikuwa sherehe ya kipaimara cha binti. Keki ilikuwa mezani. Sisemi zaidi juu ya keki.

Aliyeniumiza zaidi si mteja, ni mama yake. Bibi wa Kisukuma amekaa kwenye kigoda katikati ya maji, kanga ameifunga juu ya magoti, ametulia kabisa. Akaniuliza, mwanangu, hii nyumba umesomea? Nikasema ndiyo, mama. Akasema, kwangu Magu paa ni la nyasi na limesimama wima, mvua ikifika inateleza inakwenda kwa watu wengine. Hii ya kwenu mmeichimbia kisima juu.

Mmeichimbia kisima juu! Miaka mitano chuoni hakuna profesa aliyenieleza hivyo.

Picha ile ilikuwa jibu la mahali ambapo mvua ni habari ya gazetini. Kule paa bapa ni akili. Mimi nililibeba hadi kando ya Ziwa Victoria nikaliweka chini ya mvua ya Aprili. Jibu sahihi, safu isiyo yangu. Nyumba tuliipaua upya, kenchi mpya, papi mpya, paa limeinuka na kutoka nje ya ukuta sentimita 90, na nusu ya gharama nililipa mimi. Watoto walisoma mwaka ule kwa mkopo.

Na vile vioo vya bluu? Vimebaki. Jioni taa zikiwaka, wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi wanakuja wote kusalimia. Asubuhi mfagizi anawazoa kwa koleo. Hilo nalo halipo kwenye picha.

(Mzee mmoja wa safu ya mbele alisema kwa sauti: "Sema na ile ghorofa!" Nilimwambia ghorofa ile siitaji, tuna wajumbe wanaofanya kazi pale.)

Nisonge mbele, muda unakwenda. Kuna mji mwingine mkuu uliojengwa mbio mbio, wa zamani kuliko Astana: Brasília, nchini Brazili. Rais Juscelino Kubitschek aliahidi kuivusha nchi miaka 50 ndani ya miaka 5. Mji ukainuliwa kwenye nyanda tupu za bara, ndani ya muda usiofika miaka minne, ukazinduliwa tarehe 21 Aprili 1960. Lúcio Costa alichora mji, Oscar Niemeyer akachora majengo. Kanisa kuu lake ni nguzo 16 za zege zilizopinda, zimekusanyika kama mikono inayoomba. Mafundi wa zege humu ndani nawauliza: zege linapindaje? Zege halipindi. Anayepinda ni seremala, ndiye anayepinda mbao, na zege linafuata. Kila mkunjo wa Niemeyer dunia inaousifu kuna seremala aliyelala njaa akiupinda.

Na seremala huyo alilala wapi? Hapo ndipo ninapotaka tufike.

Vibarua wa Brasília walitoka kwa maelfu, wengi kutoka kaskazini mashariki ya nchi, kwenye ukame na umaskini. Wakaitwa candango. Kwenye mpango wa mji kulikuwa na mahali pa wabunge, mahali pa mabalozi, mahali pa mabenki. Mahali pa candango hapakuwepo. Ilitarajiwa kazi ikiisha warudi walikotoka. Nani anarudi? Fundi akishajenga mji, mke ameshakuja, mtoto ameshazaliwa. Wakajenga vibanda. Mji haujazinduliwa, mwaka 1958, serikali ikalazimika kuwaanzishia mji wa pembeni, Taguatinga, mbali na zile nguzo walizozisimamisha.

Ukiutazama mji ule kutoka angani una umbo la ndege mwenye mbawa mbili. Wanausifia sana hilo. Mimi nauliza, nani anautazama mji kutoka angani? Kongoti wa soko la samaki la Mwaloni labda. Sisi wengine tunautazama kwa urefu wa macho, tumebeba ndoo. Katika mji wa barabara pana kama uwanja wa mpira, mama lishe ataweka wapi jiko lake? Fundi atakunywa uji saa nne akiwa amekaa juu ya nini? Mchoraji asipompa mama lishe kona, mama lishe ataichukua mwenyewe, na mgambo watakuja, na hapo ndipo tunasema watu wetu hawapendi usafi.

Dodoma yetu, na hii vijana hamwambiwi, ilianza na swali zuri. Uamuzi wa kuhamia ulipitishwa 1973. Kampuni ya Toronto, Kanada, ikachora mpango uliotoka 1976, na mpango ule ulikataa makusudi mji wa kujionyesha. Majengo yasishindane na vilima, watu watembee kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi, mitaa ikae kama vijiji vilivyoshikana mikono. Ilikuwa enzi ya Ujamaa, na mchoro ulisema Kiswahili hata kama aliyechora hakukijua. Halafu fedha hazikuwepo, na mchoro ukalala kabatini miongo minne, mpaka 2016 Rais Magufuli aliposema tunahama, tukahama. 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji na sheria ya makao makuu ikapitishwa. Leo Mtumba kuna mji wa serikali, wizara zimepangwa kama vijana wa gwaride. Wengi wenu mmejenga pale. Wengine mlilala kwenye stoo ya saruji miezi sita. Nyumba ya nani umeijenga najua. Nakuuliza wewe, ulipewa kiwanja?

(Kimya kidogo. Kisha mtu akasema, "Tulipewa vumbi." Ukumbi ulicheka, lakini si wote.)

Sasa nirudi nyumbani, Mwanza, mji wa mawe.

Mimi nimezaliwa Mabatini, mlimani. Mama yangu alikuwa kama hawa mama zangu waliosogea mbele: nyundo, mawe, na mpira wa tairi la baiskeli aliouzungusha mkononi ili kokoto isimrukie jichoni. Baba alikuwa fundi mawe. Alipopata kile kipande cha mlima hakikuwa kiwanja, kilikuwa mawe matatu makubwa kila moja kama lori, na nafasi katikati. Majirani walimwambia ayachome. Mnajua namna yetu: unawasha moto juu ya jiwe hadi liive, unalimwagia maji, linapasuka.

Baba hakuwasha moto. Alingoja mvua. Ilipokuja, ile ya usiku, alitoka na nailoni kichwani akakaa juu ya jiwe la kati mpaka alfajiri. Mama alidhani amerogwa. Asubuhi alikuwa amejua maji yanapita wapi, yanasimama wapi, jiwe lipi linalala imara na lipi limeegemea tu. Ndipo akapiga kamba. Jiwe la kushoto likawa ukuta wa chumba chetu, jiwe la nyuma likawa ukuta wa jiko. Kuta mbili tulipewa na Mungu bila saruji. Mchana jiwe linachota joto la jua, usiku linatupa kidogo kidogo. Wakazakh walilipia mabilioni kupata hilo.

Lakini msiende nje mkasema msanifu kasema tukaishi Mabatini. Nimebeba maji kwenye zile ngazi. Jirani yetu alipofariki jeneza lilishushwa kwa mabega, linageuzwa kila kona kama kabati. Gari la zimamoto halipandi. Kuna familia zimewahi kuondokewa kwa jiwe lililoserereka. Mlima ule unataka barabara, mitaro na bomba, na unavihitaji jana. Ninachosema ni kwamba baba yangu hakusoma, lakini swali la mahali alilisikiliza kabla ya kujibu, na mimi niliyesoma nilijibu picha ya simu.

Wala sikatai majengo ya kuvutia macho. Mtanisikia vibaya mkidhani nataka kila kitu kiwe boksi la tofali. Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 hivi na minara yake imefungua nyaya kama mbawa za kongoti. Mnalijua jioni jua likizama. Je, ni mapambo? Meli lazima zipite chini. Ili zipite, nguzo za katikati zikae mbali mbali na njia iinuke. Nguzo zikikaa mbali, barabara inataka kushikwa kutoka juu. Ndiyo maana ya minara na nyaya. Uzuri umetokana na shida. Mliosubiri kivuko pale na mgonjwa ndani ya gari mnajua swali lilikuwa nini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia na tangazo, halafu tule.

Nina mteja mpya Luchelele, kiwanja kizuri kinatazama ziwa. Katikati ya sebule yake, kwa ramani aliyokuja nayo kwenye simu, limekaa jiwe kubwa kuliko basi dogo. Yeye anataka tulipasue. Mimi nimechora nyumba inayolizunguka, jiwe linaingia ndani nusu, mgongo wake unakuwa benchi la kukalia. Paa limeinuka, limetoka nje sentimita 90, hilo sijadiliani na mtu tena. Hajakubali. Ameniambia, dada, mimi sijatafuta fedha miaka kumi nije nikae na jiwe kama mjusi.

Tumekubaliana Jumamosi ijayo nimpeleke alikalie kwanza. Wanasema mvua itakuwepo. Nahitaji mafundi wawili wenye kamba na pima maji, na mtu mwenye nailoni kubwa, maana mteja hana yake. Tunakutana njia panda ya Nyegezi saa kumi na moja alfajiri.